Kofia ya Mavuno

Ndani ya basi, mbele yangu alikaa fundi cherehani aliyevaa kofia pana iliyoshonewa masuke ya mtama wa kweli.

"Ya masika ni ya kijani, ya sikukuu nyekundu. Hii ni ya mavuno, bibi," alimwambia jirani yake, kikongwe aliyempakata kuku.

"Kichwa kimoja, kofia zote hizo za nini?"

"Kofia lazima ifuate majira!" Fundi akamgeuzia kisogo, akatazama dirishani.

Kuku, ambaye ubishi haukumhusu, alinyoosha shingo akaanza kudonoa mtama wa kofia. Bibi aliona, akanyamaza. Nami nikanyamaza, ugomvi haukuwa wangu.

Basi liliposimama, fundi aliinuka, akaiweka kofia sawa. "Ifuate majira, bibi!"

"Inafuata, mwanangu. Ulipopanda yalikuwa mavuno, sasa naona kiangazi kimeingia."