Umeotesha Ngapi, Seva?

Kijiwe cha Hussein Kahawa kiko Korogwe mjini, ubavuni mwa steshenari ya Rhoda: benchi moja lililobonyea katikati kwa makalio ya watu wale wale, jiko la mkaa, birika, na karedio kanakokoroma juu ya kreti. Kituo chenyewe cha redio, kidogo cha mtaa, kiko ng'ambo ya barabara, ghorofani juu ya duka la mbao. Kompyuta kubwa inayotunza sauti zote za redio hiyo iko chini ya Faraji. Shule ilimchoka Faraji akiwa kidato cha pili, lakini kwa kubofya hana mpinzani, na kijiwe kizima kinamwita Seva. Asubuhi hiyo, saa tatu na nusu, alikaa amekunja nne, flash ya bluu ikimning'inia shingoni kama hirizi. Saa nne kamili ile kompyuta ilikuwa inafutwa yote ianze upya, na kazi hiyo ndiyo ingempa Seva ajira ya kudumu.

– Inafutwa? akashtuka Mzee Muhidini. Huyu wanamwita Volti, maana kazi yake yote aliifanya kwenye mitambo ya umeme kule Hale, na kwake hata mafua ni upungufu wa umeme. – Na Hafsa wangu je?

Bi Hafsa, mkewe, alirekodiwa pale redioni akisimulia hadithi za Kizigua, mwezi mmoja kabla hajafariki. Kila Ijumaa zikirushwa, Volti huwa anakinyamazisha kijiwe chote kwa kunyoosha kidole tu.

– Mzee wangu, tulia unywe kahawa, Seva akaigonga ile flash. – Kila Ijumaa nanakili. Bibi yuko hapa kifuani kwangu. Akiba haiozi.

– Kwani mashine inaumwa nini? Hussein akauliza.

– Imekuwa nzito. Inajizimazima.

– Joto hilo! akadakia Simeo, Msambaa wa Bungu anayeshusha parachichi sokoni, na jina lake la mtaani ni hilo hilo, Parachichi. – Ipandisheni kwetu mlimani wiki moja ipigwe ukungu. Itashuka inakimbia yenyewe.

– Joto wapi! Umeme huo, Volti akasema. – Umeme ukizaliwa Hale unakuwa na nguvu, mbichi kabisa. Ukifika hapa umeshapita kwenye mapasi na friji za watu. Nyie mnapewa makapi.

– Wote mmepotea, Hussein akasema huku akimimina. – Humo ndani mmefungia mashehe, wachungaji, waganga na wachambuzi wa mpira. Chumba kimoja! Ofisi ikifungwa si wanabishana? Wataacha kuipasua kichwa mashine ya watu?

Seva akacheka mpaka kahawa ikampalia. Halafu akafungua begi lake, maana asipolifungua hadharani siku haijaanza.

– Oneni vifaa vya mtu anayejua. Brashi ya rangi, ya kutolea vumbi. Rangi ya kucha ya dada yangu, ya kuwekea waya alama: wenye nyekundu hauguswi hata na bosi. Daftari: nikigusa kitu naandika, siku kikileta balaa najua nilipotoka. Na mashine ikigoma, zima, hesabu mpaka thelathini, washa.

– Kwa nini thelathini?

– Ishirini haitoshi. Arobaini, watu wanaanza kuona hujui kazi.

– Na hiyo flash ya kufutia kompyuta iko wapi?

– Flash nyekundu. Nimeshaichomeka. Bosi Glory amesema atabonyeza mwenyewe saa nne, anataka ajifunze. Mimi nimekuja kunywa kahawa. Mwenda pole hajikwai.

– Methali hiyo ni ya watembeao, Parachichi akamwambia. – Wewe umekaa.

Mwisho wa benchi alikuwa amejishikiza mama mmoja mgeni, Yuditha wa Mpale, mfuko wa mbegu za mahindi mapajani, akisubiri basi la Handeni. Alikuwa kimya muda wote.

– Samahani, mwanangu, akasema. – Mimi ya kompyuta siyajui. Ila sisi mbegu tukizitoa ghalani, hatuzipeleki shambani hivi hivi. Tunachukua kumi, tunazifunga kwenye kitambaa kibichi, tuone ngapi zinachipua. Sasa hiyo ya shingoni, wewe umeotesha ngapi?

Seva akaishika ile flash.

– Mama, hii ni flash. Haina kuoza.

– Sawa. Lakini umeshaifungua mahali pengine ukasikia huyo bibi akiongea?

Saa tatu na dakika hamsini na tano. Seva akanyanyuka taratibu, kama mtu asiye na haraka, akaingia kwa Rhoda. Kijiwe kizima nyuma yake.

Rhoda akaichomeka flash kwenye kompyuta yake. Kukatokea kijifolda kimoja, kimeandikwa SAUTI ZOTE. Akabofya. Mashine ikajibu: haipatikani. Akabofya tena. Haipatikani.

– Seva, kila Ijumaa kunakili kulikuwa kunachukua muda gani?

– Kufumba na kufumbua. Nilijua flash yangu ni kali.

– Unaona hiki kishale pembeni? Hii ni njia ya mkato tu. Umeng'oa kibao cha barabarani kilichoandikwa Korogwe, ukaenda nacho nyumbani, ukadhani umebeba Korogwe.

Simu ikaita. Bosi Glory.

– Seva, inaniuliza hapa: futa vyote, ndiyo au hapana? Nibonyeze ndiyo, eti?

– Hapana! Bosi, hapana! Usiguse kitu! Toa mikono mezani!

Hapana hiyo ilisikika mpaka stendi. Seva alichomoa flash yake, akavuka barabara bila kutazama, bodaboda mbili zikamtukana kwa pamoja.

Wenzake wakarudi kwenye benchi. Volti akanyoosha kikombe. Hussein akainamisha birika, yakatoka matone mawili matatu.

– Imeisha, mzee.

Ng'ambo, dirisha la ghorofani la redio likafunguka. Kichwa cha Seva kikatoka, jasho linamtiririka.

– Zipo! Zote zipo! Lakini haziingii kwenye kaflash haka! Nani ana chombo kikubwa?

Parachichi akainua tenga lake. Hussein akainua birika tupu. Hata mama Yuditha alicheka.

Volti hakucheka. Mzee huyu, ambaye hakuna anayekumbuka lini alilipia kahawa yake mwenyewe, alijikongoja mpaka dukani kwa Rhoda, akaweka noti juu ya meza.

– Rhoda mwanangu, nipe ile diski kubwa ya dirishani. Lakini kwanza ioteshe hapa hapa, niione.