Alama za Magoti Katika Sakafu Yangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa hapa Baraka. Mi ni Mama Esta wa Lweba, na leo nitatoa ushuhuda wangu.

Muzungu wa Leta, ni kusema wa serikali, alipita kwetu kuangalia usafi wa nyumba. Akasimama mbele ya bantu bote, akasema nyumba yangu ndiyo ya mufano. Tangu siku ile sikupata raha, hofu ya kuonekana na kosa ikanishika. Nilikuwa ninasiriba sakafu kwa udongo. Nikiona ufa mudogo kama unywele, ninakwangua yote, ninaanza tena. Usingizi ulinikimbia. Moyo ulienda mbio hata nikiwa nimekaa. Batoto bangu balikula inje. Bajirani balichoka kuambiwa bangoje sakafu ikauke, bakaacha kuja. Nikabaki na nyumba safi, ninalia peke yangu.

Ndugu zangu, mimba yangu ikatimia, uchungu wa kuzaa ukanikuta na udongo mukononi. Bwana yangu, baba ya batoto, alikuwa ziwani kuvua samaki. Jirani yangu Mama Apolina alisikia kilio changu, akatoka shambani mbio pamoja na bamama bengine. Nami, damu inanitoka, nikabazuia mulangoni: "Mungoje kwanza, sakafu haijakauka."

Mama Apolina akanijibu, "Sakafu ndiyo itakuzalisha?" Akanisukuma, bakaingia bote na matope ya shamba miguuni.

Mutoto alitoka kimya, bila pumzi. Mama Apolina akamusugua mugongo. Benzake bakapiga magoti palepale katika udongo mubichi, bakamuita Yesu kwa nguvu. Mutoto akalia. Damu ikakatika. Asante Bwana!

Kesho yake sakafu ilikuwa imekauka na alama zote: nyayo, vidole, magoti. Moyo ukaanza mbio zake, ukanituma nichukue udongo nisiribe tena. Nikakaa katikati ya zile alama, mutoto kifuani, nikasema: Bwana, kama hii sakafu ingebaki vile nilitaka, mi ningekufa juu yake. Pale hofu ikaniachia.

Ndugu zangu, haikuisha siku moja. Hata sasa inarudi kila nikishika ufagio, na mi ninaikatalia kwa jina la Yesu. Ufa ninauona, ninauacha.

Wewe unayemungojesha Yesu inje mupaka maisha yako inyooke yote, mufungulie leo. Yeye haogopi matope. Na mukifika Lweba, muingie kwangu, musipanguse miguu. Zile alama za magoti ziko pale. Sijazisiriba, na sitazisiriba.