Marehemu Novatus Mbwambo na Mpunga wa Ardhi ya Chumvi

Maelezo haya yametolewa na mke wa marehemu, Jenoveva, ambaye hakusoma. Mwanawe Sebastiani ameyaandika kama yalivyosemwa, yasomwe leo mazishini.

Marehemu Novatus Mbwambo alizaliwa Bombo, Upare Kusini. Siku yenyewe haikuandikwa. Kilichoandikwa ni ubatizo wake, tarehe 6 Julai 1924, akiwa bado ananyonya. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1937 baba yake alipofariki, akashika jembe.

Tarehe 18 Septemba 1948 alimwoa Jenoveva, na mwaka uliofuata wakampata Sebastiani. Februari 1951 aliaga kwamba anakwenda Tanga kukata mkonge msimu mmoja. Alikaa miaka kumi na miezi kumi. Zilikuja barua mbili, ambazo mwalimu alimsomea Jenoveva mbele za watu. Huko alioa mke mwingine, Mwanaidi wa Pangani, wakazaa binti, Mwamvita. Mwanaidi alifariki mwaka 1961, na Desemba hiyo, wiki mbili baada ya Uhuru, marehemu akarudi nyumbani.

Mkonge aliukata mwaka mmoja tu. Miaka iliyobaki alikuwa kibarua wa afisa wa misitu, pale mto Pangani unapoingia baharini. Alichomeka vijiti kwenye tope, kuanzia ukingo wa maji kwenda nchi kavu, akaandika kila kijiti kimefunikwa mara ngapi kwa mwezi. Palipofunikwa kila siku, mikoko ilisimama minene. Nyuma yake, maji yalipofika mara chache, palikuwa na mchu, mti unaotoa chumvi kwenye majani. Juu zaidi, palipofikiwa na bamvua peke yake, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, ardhi ilikuwa nyeupe, haioti kitu ila vijani vifupi vinene. Marehemu alisema watu hudhani chumvi huzidi karibu na bahari. Sivyo. Maji yanayojaa na kupwa kila siku huondoka na chumvi yake. Yanayofika mara moja moja hukaushwa na jua, chumvi ikabaki.

Alipomweleza mkewe haya, Jenoveva alimwuliza, "Baba Sebastiani, uliniacha miaka yote hiyo ukasomee tope?"

"Tope nalo lina darasa, mama."

"Basi nionyeshe cheti."

Alicheka sana. Hakuwa mtu wa kukasirika.

Mwaka 1974 familia ilihamishiwa kijiji cha ujamaa, Kihurio. Siku ya kugawa mashamba ya mpunga, marehemu alipita akichuma majani na kuyalamba, watoto wakimfuata na kulia kama mbuzi. Alipofika chini kabisa alisema pale pana chumvi, pasipandwe. Mzee Eliufoo, mwenyekiti wa kamati ya maji, akasema, "Aliyeiona chumvi apewe yeye." Ikawa hivyo. Ekari moja.

Msimu wa kwanza hawakuvuna. Msimu wa pili marehemu alichimba mfereji wa kutolea maji upande wa chini na kuuwekea mlango wa mbao. Jenoveva alichimba naye. Kila zamu yao ya maji ilipofika, marehemu alijaza shamba kupita kifundo cha mguu, akaliacha siku moja, kisha akayafungulia maji yote yaende zake. Alifanya hivyo mara saba kabla ya kupanda. Sisi watu wa Bombo tumekulia kwenye ndiva, mabwawa ya mlimani ambamo kila tone lina mwenyewe, na kuona maji yakitoka shambani kunatuuma.

"Novatus, bahari imekupanda kichwani?" Mzee Eliufoo alimwuliza. "Maji ya watu unayamwaga!"

"Simwagi, mzee. Naosha."

Walivuna magunia kumi na manne. Mwaka 1976 kamati ililitwaa shamba hilo, likawa shamba la mfano la kijiji, na familia ikapewa jingine jeupe kando ya barabara. Kisha kamati ikaziba mlango wa chini ili maji yasipotee.

Marehemu aliugua kifua tangu Oktoba 1976. Januari, akiwa hawezi tena kutembea, alimwambia mkewe, "Mama Sebastiani, nenda kwa Eliufoo. Mwambie wakiziba chini, chumvi itarudi."

"Siendi. Walipolitwaa, nani alikuja kuniuliza?"

"Watakaolala njaa si Eliufoo peke yake."

Jenoveva hakwenda. Marehemu alimwomba tena mara mbili. Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 11 Machi 1977.

Ameacha mke, Jenoveva. Watoto watatu, Sebastiani, Lukia aliyezaliwa baada ya baba kurudi, na Mwamvita aliyefika jana kutoka Pangani. Na wajukuu wawili. Ameacha pia ekari moja ya mpunga ambayo si ya mkewe.

Wiki iliyopita Jenoveva alipita kando ya shamba hilo. Mpunga umeanza kuungua ncha. Mzee Eliufoo na kamati yako, mpo hapa. Mlango wa chini ufunguliwe leo, maji yatoke yote, kisha mjaze tena na kutoa tena. Bado mpunga unaweza kupona. Aliyejua haya ni marehemu, na aliyekataa kuyaleta kwenu ni mkewe. Shamba mlilichukua bila kuuliza. Ujumbe mnapewa bila kuomba.

Mungu ampe Novatus pumziko lake.