Rupia Aliyokuwa Nayo Gaudens

Benchi letu la Gerezani ni ubao uliogongomelewa kwenye magogo mawili, nyuma ya maduka ya spea. Hapo anakaa Mudi, tunayemwita Balozi kwa kuwa anajua shida za kila nyumba isipokuwa yake. Anakaa Allen, muuza spea, jina lake la utani Shokapu. Na ninakaa mimi Zahoro, Mzee Rupia, kwa sababu mwaka wa ishirini na mbili huu nauza sarafu za kale hapa pembeni pamoja na Gaudens, kila mmoja na kitambaa chake chini. Tuna utaratibu wetu. Asubuhi, kabla mteja hajaja, tunabadilishana vitambaa na kila mmoja anapitia sarafu za mwenzake kwa lenzi, feki itolewe mapema. Hakuna aliyetufundisha. Sasa wiki iliyopita Gaudens alikuwa anamuuzia bwana mmoja wa Upanga rupia ya Mjerumani, nami nikasema kwa sauti, mtaa mzima ukasikia: “Hiyo feki, bosi.” Mteja akaondoka. Gaudens akakunja kitambaa, akaenda zake. Leo siku ya nane hajarudi, simu hapokei, na mimi nimechoka kukaa peke yangu pale.

Ramadhan, muuza kahawa, alikuwa hajamaliza hata kumimina, Balozi akafungua kesi.

Balozi: Gaudens kajificha kwa aibu tu. Mtu mzima akiumbuka mbele ya mteja, anajifungia ndani.

Shokapu: Aibu wapi! Kaenda kuchimba. Si Wajerumani walifukia masanduku ya rupia huko bara? Mtu wa sarafu miaka yote hiyo hawezi kukosa ramani.

Balozi: Ana ramani ya masanduku, halafu anauza feki Gerezani?

Shokapu: Zuga hiyo! Ukiwa na mali unajifanya huna. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Ramadhan: Hiyo methali inaingilia wapi hapo?

Shokapu: Inaingilia kwenye kuficha. Mimina kahawa wewe.

Balozi: Mimi nilichosikia, kaipata ile rupia inayovuta mchele. Unaiweka mezani, punje zinaifuata zenyewe. Ukiwa nayo hiyo matajiri wanakuficha Masaki, unakula kuku, simu ya mtu hupokei.

Shokapu: Na huo mchele ukishavutwa, unapikika?

Balozi: Unapikika, ila haushibishi.

Nilicheka, kisha nikajisikia vibaya. Huo mchele wateja wametuuliza mimi na Gaudens mara elfu, na kila mara tulikuwa tunakwepana macho tusiangue kicheko mbele ya mtu. Siku hizi mteja akisema upuuzi nabaki naye peke yangu, namjibu kwa heshima kama karani.

Mimi: Jamani, Gaudens si tapeli. Ana mtoto wa jicho. Ile feki imemiminwa kwenye kalibu, ina mshono mwembamba ukingoni. Yeye hawezi kuuona.

Shokapu: Sasa mbona unamtetea, na wewe ndiye uliyemlipua?

Balozi: Alitenda haki! Kariakoo nzima mfanyabiashara mkweli ni huyu mmoja. Msema kweli mpenzi wa Mungu.

Shokapu: Hapo nakuunga mkono. Mimi mwenyewe nikiuza shokapu iliyochomelewa, halafu jirani amwambie mteja wangu…

Ramadhan: Amwambie?

Shokapu: Namng'oa meno. Lakini Mzee Rupia yuko sawa kabisa.

Walikuwa wananisifu hivyo tangu siku ya kwanza, na sifa zenyewe zilikuwa hazinipiti kooni. Yule bwana wa Upanga alikuwa mteja wangu. Alihamia kwa Gaudens kwa sababu Gaudens anajua kukaa na watu, anauliza habari za watoto, mimi najua sarafu tu. Niliona wivu, tena wivu mkali, uzeeni huku. Hilo benchini sikulisema.

Mara akatokea Brightness, binti wa Gaudens, ninayemjua tangu yuko chekechea.

Brightness: Shikamooni.

Sote: Marahaba!

Balozi: Karibu mwanangu, kaa hapa.

Brightness: Asante, sikai. Nimetumwa kwa baba mdogo Zahoro.

Mimi: Baba hajambo?

Brightness: Yupo tu, anashinda ndani. Baba mdogo, kaniambia nikuulize kitu kimoja. Asubuhi ya siku ile alikupa kitambaa chake kama kawaida. Sarafu zake ulizipitia, au hukuzipitia?

Shokapu akatazama ndani ya kikombe chake. Ramadhan akaacha kumimina.

Balozi: Atakuwa hakuzipitia. Angezipitia si angeitoa?

Brightness: Na baba kasema hivyo hivyo. Kasema, ukiniambia hukuzipitia, nikuamini, na kesho asubuhi anarudi. Shati keshapiga pasi.

Nilitaka arudi. Sijui niliseme vipi hilo zaidi ya hivyo. Lilikuwa ni neno moja tu, na watu wote pale walikuwa wamekwisha kulisema kwa niaba yangu. Balozi alikuwa ananitikisia kichwa, ananihimiza.

Mimi: Nilizipitia, mwanangu. Ule mshono niliuona saa moja asubuhi. Nikairudisha rupia kwenye kitambaa chake, nikamsubiri mteja aje.

Hakukasirika. Ningepata nafuu angenitukana.

Brightness: Haya, baba mdogo. Nitamwambia ulivyosema.

Akavuka barabara kuelekea kituo cha mabasi ya mwendokasi. Ramadhan akaanza kukusanya vikombe, na changu kilikuwa bado nusu. Balozi akakumbuka kwamba kuna msiba Ilala. Shokapu akainuka, akajipangusa suruali, akasema kuna mteja anamsubiri dukani. Duka lake linaonekana vizuri kutoka hapa benchini. Hapakuwa na mtu.