Klemensi Ubwa Mkadam wa Chapa Makapu, 1961–2025

Ndugu, jamaa na majirani mliofika Mbweni leo, wa kanisani na wa msikitini, tunayemlaza hapa ni Klemensi Ubwa Mkadam. Wasifu huu umeandikwa na dada yake, Mayasa, aliyeomba ausome mwenyewe. Sauti ikimkatika, mumvumilie.

Klemensi alizaliwa hapahapa Mbweni, Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Ubwa Mkadam, mpiga chapa, na mkewe Bi Mwanapili. Mayasa alikuwa na miaka saba. Alimbeba mgongoni mpaka majirani wakadhani ni wake.

Mwaka 1968 alianza skuli ya msingi, akamaliza sekondari mjini mwaka 1979. Kwenye hesabu hakutamba, daftari lake lilijaa watu. Mwalimu mmoja alijikuta amechorwa humo, pua imevuka mstari wa pembeni. Alimchapa fimbo mbili, kisha akaichana karatasi ile taratibu na kuitia mfukoni. Mwalimu alipofariki, mjane wake aliirudisha kwa Klemensi ikiwa ndani ya fremu.

Kazi ya chapa alijifunza kwa baba yake, Mkunazini. Mwaka 1991 alifungua nyumba ya chapa ya kwake, nyuma ya soko la Darajani, akaanza kutoa vitabu vya katuni vya Hamali Makapu, mchukuzi mfupi wa sokoni anayeweza kubeba chochote isipokuwa siri. Ndiyo maana nyumba ile ikaitwa Chapa Makapu. Kila toleo lilitoka na kisanamu cha mti, urefu wa kidole, kilichochongwa na Machano Mjaka, fundi wa milango kutoka Tumbatu aliyehamia Chukwani. Machano alitumia vipande vya mfenesi vilivyobaki kwenye milango, na aliikubali kazi kwa sharti moja: hatii macho wala mdomo. Alisema hawezi kuumba sura asiyoweza kuitia roho. Klemensi akampa mkono. Basi watoto wakawa wanatia sura wenyewe kwa kalamu ya wino, kila mmoja na Makapu wake, huyu mkali, yule ana meno mawili tu. Chini ya unyayo palikuwa na mikato mitatu, alama ya fundi. Siku hizi wakusanyaji wanavitafuta visanamu hivyo mpaka Ulaya. Kwa miaka ishirini na miwili watu hawa wawili walikula chakula cha mchana sahani moja.

Tarehe 6 Agosti 1994 Klemensi alifunga ndoa na Maryam, mwalimu wa chekechea. Posa yenyewe ilikuwa katuni ya vyumba vinne, na cha mwisho alikiacha kitupu ili bibi ajibu. Maryam hajui kuchora hata yai. Alichora sufuria, na Klemensi akahangaika wiki nzima kujua kama ni ndiyo au hapana. Walijaaliwa watoto wawili.

Mwaka 2013 duka moja la bara liliagiza visanamu vya plastiki, vyenye sura. Klemensi alivitengenezesha bila kumwambia mwenzake, na kwa kuwa wanunuzi waliipenda ile mikato mitatu, akaiacha ibaki. Machano alikiona kimoja Darajani juu ya meza ya mchuuzi, kinacheka. Alikigeuza, akaikuta alama yake. Akaenda nacho hadi kwa Klemensi, akakiweka mbele yake.

"Sura nlikwambia sitaki," alisema. "Sasa ina alama yangu. Kesho kwa Mungu ntaulizwa mie, huulizwi wewe."

Si desturi wasifu kutaja makosa ya marehemu, na Mayasa analijua hilo. Lakini ndugu yake aliishi na kosa hili miaka kumi na mbili, na kulificha leo ni kumzika nalo. Plastiki aliisimamisha mwezi uleule. Kwenda Chukwani kutaka radhi ndiko kulikomshinda, na si mbali, hata kwa miguu unafika. Kila Idi alivaa shati safi, akachukua halua, akafika njia panda, akarudi. Halua ililiwa nyumbani na sisi tukamtania. Tulikosea kumtania.

Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Alitibiwa Dar es Salaam, akapata nafuu, kisha mwishoni mwa 2024 sauti ikakatika kabisa, akawa anaandika kwenye daftari. Alitoa maboksi ya visanamu vya plastiki yaliyobaki, akakaa uani akisugua nyayo kwa msasa, kimoja kimoja, mpaka mikato ifutike. Vumbi lilimkohoza. Maryam alipouficha msasa, alitumia wembe.

Jumatatu, tarehe 10 Februari 2025, aliandika: "Dada, niitie Machano."

Mayasa alimtazama alivyokonda, akaona haya kwa niaba yake.

"Kunywa uji kwanza, upate nguvu," alimwambia. "Jumapili ntampigia."

Klemensi aliunywa uji wote, na nyote mliomuuguza mnajua kumeza kulimgharimu nini. Alifariki Jumamosi, tarehe 15, saa kumi na moja alfajiri. Hiyo Jumapili hakuifikia.

Machano alikuja asubuhi ileile. Amekaa nje na wanaume siku mbili hizi, hajasema lolote juu ya jambo hili, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Marehemu ameacha mjane, Maryam, watoto, Nadra na Yusufu, wajukuu watatu, na dada yake.

Kwa yeyote aliyekosewa na Klemensi, familia inaomba radhi. Kwako, Bwana Machano, inaomba kwa jina lako. Alikuita. Aliyeuchelewesha wito ni dada yake, anayesimama mbele yako sasa, na yeye hamwombei msamaha mtu mwengine kabla ya kuomba wake. Mchanga wa kwanza tumekuachia wewe. Usipoweza kuutia, hakuna atakayekulaumu. Tutakungoja kidogo, kisha Nadra atautia. Klemensi na apumzike kwa amani.