Mashine ya Maji Moto

Ndani ya basi la asubuhi kutoka Kibondo, mbele yangu walikaa watu wawili wasiofahamiana. Gharibu, muosha magari, alikuwa anakwenda Kasulu kununua mashine ya presha, na uwezo wake ulikuwa wa mashine moja tu.

"Nachukua ya maji baridi," alimwambia jirani yake wa kiti, Odilia, muuza mawese. "Magari yetu yana tope, mama, na tope linatoka kwa presha. Ile ya maji moto inakunywa dizeli."

"Na lori ninalokodi mimi? Kwa baridi hii mawese yanaganda kwenye bodi kama mshumaa. Mwenzako mmoja alilipiga maji baridi nusu saa, akayahamishia mafuta kwenye kioo!"

Gharibu alicheka. "Malori ya mawese yenyewe mangapi?"

"Yanakupita yote kwa kuwa huna maji moto, kaka. Utayahesabu vipi?"

Mimi chungu changu cha mawese nakiosha kwa maji moto na majivu tangu niolewe, ila hakuna aliyeniuliza.

Basi liliposimama Kasulu, Gharibu alimshushia Odilia madumu yake matupu, mikono ikamjaa mafuta. Akaenda bombani, akasugua, akasugua tena, mafuta yasitoke.

"Sijasema kitu," alisema Odilia.

"Hii ni mikono, mama. Si lori."