Feruzi bin Abdulhamid, Aliyeandikwa Mlevi

Marehemu Feruzi bin Abdulhamid alizaliwa Ujiji mwaka 1873. Alipotimiza miaka mitano, baba yake, seremala wa mitumbwi, alimleta hapa Rumonge, kando ya ziwa. Chuoni alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi na miwili, na mwalimu wake alipenda kusema kwamba mtoto huyu hasahau kitu ila viatu vyake mlangoni.

Kazi yake ilikuwa mawese. Alikamua chikichi huko Gatete, na mafuta yake yalijulikana hadi Nyanza.

Tarehe 6 Agosti 1899 alimwoa Mwasiti, binti wa milimani. Siku hiyo mkwewe alimpa kibuyu cha pombe ya ndizi, kama ilivyo heshima ya kwao. Feruzi alikipokea kwa mikono miwili, akampa aliyekaa jirani, akaomba maji. Mzee alicheka: "Huyu mukwe hatanimalizia pombe!"

Ugonjwa ulianza Ramadhani iliyopita. Alisujudu asiinuke, nasi tukadhani anarefusha dua, kumbe amelala. Baadaye akawa anapepesuka njiani na ulimi ukawa mzito. Hayo ni malale, na kila mtu wa pwani hii anayajua. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 1911, alfajiri, akazikwa alasiri.

Sasa liko linalotuchoma. Jana wakwe walishuka kutoka milimani na vibuyu vitano, maana kwao hawaji msibani mikono mitupu. Mchana akaja karani wa serikali na daftari lake la vifo. Hakuuliza marehemu aliumwa nini. Alihesabu vibuyu, akaandika: pombe.

Mwasiti, mjane aliye edani, alitoka ndani. "Karani, bwana yangu alikufa jana. Hivi vibuyu vimefika leo. Alikunywa namna gani?"

"Mama, watu wa ziwa muko walevi, inajulikana. Mwaka huu muko kumi na saba."

"Hao kumi na saba, uliona hata mumoja akikunywa?"

Karani alifunga daftari akaondoka. Tunawajua hao kumi na saba. Kumi na mmoja walikuwa watu wa kuswali, na wote kumi na saba walisinzia kabla ya kufa. Uongo huu si wa kumvunjia heshima Feruzi peke yake. Daktari mkubwa akisoma hesabu hiyo ataona pombe, hataona ugonjwa, na dawa haitafika kwetu. Nani apeleke dawa kwa walevi? Tumekasirika, na hatuoni haya kusema hivyo mbele ya watu katika hitima hii.

Marehemu ameacha mjane, Mwasiti. Nduguye, Ramazani, anayewasomea maneno haya. Bintiye Biasha, mwenye miaka kumi. Na Zena, mwenye miaka minane, aliyesinzia leo asubuhi na tonge mkononi. Karani na aje amnuse mdomo.

Mungu ampumzishe Feruzi kwa amani, na asimwache Zena alale.